Sanduku Lina Kufuli Tatu

Mwamshe usiku wa manane mtoto yeyote aliyemaliza kidato cha pili, umuulize Katiba ni nini. Atakujibu kabla hajafumbua macho. Atakujibu kwa Kiingereza, neno baada ya neno, bila kuruka hata koma, kama alivyonakili kutoka ubaoni, na mihimili mitatu ya dola atakutajia hivyo hivyo kwa pumzi moja. Sasa muulize la pili: mgambo akilibeba beseni la ndizi la mama yako pale sokoni, akaondoka nalo bila hati wala risiti, Katiba ina neno gani? Hapo ndipo atakapoamka kwelikweli, akutazame kwa huruma, akidhani bibi amechanganyikiwa. Katiba na beseni la ndizi wapi na wapi?

Neno lipo. Ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na kuhifadhiwa mali yake kwa mujibu wa sheria, na inakataza kunyang'anywa bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia. Haikusema mali hiyo iwe nyumba ya ghorofa. Pengine mama kapanga biashara pasipopangwa, na soko lina sheria ndogo zake, sikatai. Lakini hata mkosaji ana utaratibu wake wa kutozwa, na utaratibu huo hauishii kwenye ndizi kuliwa nyuma ya ofisi ya kata.

Nawaandikia ninyi walimu vijana mnaopangiwa kufundisha somo la Uraia kila Januari, na siwaandikii kwa hasira. Hasira zangu niliziacha kwenye droo ya ofisi ya walimu siku nilipokabidhi chaki. Nimelitazama somo hili tangu likiitwa Siasa. Wakati huo tulikaririsha Azimio la Arusha. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 somo likapata jina jipya, Uraia, tukakaririsha demokrasia. Siku hizi kuna Historia ya Tanzania na Maadili, na nasikia maadili nayo yameanza kukaririwa. Sufuria hubadilishwa kila awamu; kiporo ni kilekile.

Na wala simlaumu mtu. Darasa limefurika mpaka wa mwisho ameegemea dirisha, mtihani wa taifa unataka fasili na hoja sita, mkuu wa shule anataka daraja la kwanza na la pili, na mwalimu mwenyewe, masikini, alifundishwa hivyo hivyo, tena ukimuuliza kwa upole atakwambia hajawahi kuishika Katiba mkononi, ameishika "notisi" ya Katiba aliyoachiwa na aliyemtangulia. Mtu akikutwa katika hali hiyo anafundisha kinachoiva haraka. Nani angefanya vinginevyo?

Ila kuna kituko kimoja ambacho mpaka leo kinanichekesha peke yangu. Katiba yetu ya mwaka 1977 imeandikwa kwa Kiswahili. Mtoto wa darasa la saba akiipata anaweza kuisoma akiwa amekaa juu ya kigoda, anachambua mboga, na sehemu kubwa ataielewa. Sisi tunaichukua, tunaitia Kiingereza, tunaiandika ubaoni, mtoto anaikariri, anaitapika kwenye karatasi ya mtihani, kisha akifika mtaani inabidi airudishe mwenyewe kwenye Kiswahili ndipo imfae. Kazi hiyo ya mwisho hakuna aliyemfundisha, kwa hiyo haifanyi.

Matunda yake nimeishi nayo. Huyo mtoto wa alama ya A hukua, akarudi kijijini, akakaa nyuma kabisa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kisheria ndio wenye mamlaka ya mwisho pale kijijini na unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mtendaji anasoma mapato na matumizi kwa kasi ya mnadani. Watu wanapiga makofi. Kijana wetu naye anapiga makofi. Mbunge akija kuzindua kisima kilichochimbwa kwa kodi, tunamvisha kanga, tunamshukuru kama vile alikichimba kwa mshahara wake, na kijana wetu ndiye aliyetunga risala. Tume ya Jaji Warioba ilipopita kuchukua maoni ya Katiba mpya kuanzia mwaka 2012, mzee mmoja wa kwetu alijipanga foleni tangu asubuhi, zamu yake ilipofika akaomba bei ya pamba ipande. Wasomi wa chuo waliokuwa nyuma yake walicheka. Zamu yao ilipofika waliomba ajira. Mimi sikumcheka mzee wala wao, maana aliyeulizwa asichowahi kufundishwa huomba anachokihitaji. Rasimu ilikwenda Bunge Maalum, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba 2014, kura ya maoni ikapangiwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa. Wengi wa waliokuwa kidato cha nne mwaka ule sasa wana watoto wa shule.

Basi mnaponiuliza pa kuanzia, mimi huwaambia mumwendee mama yule wa ndizi.

Hakufika kidato cha pili. Ila kila Jumamosi ana kikao cha kikoba, na kikoba kina katiba. Hata sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inawataka wawe nayo ili wasajiliwe. Nenda ukakae nao siku moja, utaona mambo. Sanduku la bati lina kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu, na hakuna hata mmoja wao aliye mwenyekiti, katibu wala mweka hazina. Sanduku lenyewe linalala kwa mtu mwingine kabisa. Fedha inahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, na kila mwanachama anatakiwa alikumbuke salio la wiki iliyopita, kwa hiyo hata daftari likiungua, hesabu imo vichwani. Anayechelewa anatozwa faini. Mwenyekiti akichelewa naye anatozwa, na hapo ndipo kina mama hupiga vigelegele. Anayetaka mkopo anaeleza shida yake mbele ya kikao. Anayenyimwa anaelezwa sababu. Sasa muulize mama: kwa nini kufuli tatu, na mwenyekiti wenu ni mcha Mungu anayejulikana mtaa mzima?

Atacheka. Atasema: ndiyo, ni mcha Mungu, na ana watoto watatu sekondari.

Mwalimu mwenzangu, jibu hilo ndilo kipindi chako cha kwanza. Kina mama wale hawamtukani mwenyekiti wao. Wanampenda, walimchagua, akifiwa wanalala kwake. Lakini wanajua gharama za shule zinavyoweza kumtazama mtu usiku, na wamemwekea kufuli ili asije akajaribiwa. Wape wanafunzi hilo kwanza, kwa Kiswahili cha nyumbani, waache walizungumze mpaka kengele ilie. Wengi wao mama zao wamo kwenye vikoba, wengine wametumwa kupeleka hisa. Watakueleza mengi usiyoyajua.

Kipindi kinachofuata ndipo ufungue Katiba ya nchi, na hapo nakuomba uwe mkweli. Vitabu vyetu huchora miduara mitatu iliyotengana vizuri, Serikali huku, Bunge kule, Mahakama pale, na mtoto anaondoka akidhani ndivyo ilivyo. Ibara ya 4 kweli inagawa kazi kwa vyombo hivyo. Lakini fungua Ibara ya 62 uwasomee: Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu mbili, Rais na wabunge. Mawaziri wanateuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Jaji Mkuu anateuliwa na Rais. Kumbe miduara inaingiliana, tena sana. Waulize: hizi funguo ngapi ziko kwenye mkono mmoja? Kisha, kwa haki, waonyeshe na upande wa pili. Ibara ya 46A inaliruhusu Bunge kumshtaki Rais na kumwondoa, kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Waziri Mkuu hawezi kushika kazi mpaka wabunge walio wengi wamthibitishe. Jaji hafukuzwi kwa simu. Lazima iundwe tume imchunguze kwanza. Na Rais hana ruhusa ya kuchaguliwa zaidi ya mara mbili. Wapo watakaosema kufuli zetu zinatosha, wapo watakaosema mbili zina kutu. Usiwaamulie. Kazi yako ni kuhakikisha wanaobishana wameiona kufuli yenyewe.

Mambo ya Muungano yataje upesi: yalikuwa kumi na moja mwaka 1964, sasa ni ishirini na mbili. Orodha yake imo kwenye nyongeza, anayeitaka ataisoma. Cha kujadili ni namna yalivyoongezeka na nani aliulizwa, lakini hilo liache mpaka wawe wamezoeana.

Penye haki ndipo nataka mkae kitako. Vijana wa leo wanadhani haki zile za Ibara ya 12 mpaka ya 24 zilikuwapo tangu tulipopandisha bendera. Hazikuwapo. Tulipata uhuru mwaka 1961 bila orodha hiyo, tukapata jamhuri bila hiyo, tukapata Katiba ya 1977 bila hiyo. Iliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na hata hapo mahakama zikaambiwa zisubiri. Mpaka Machi 1988 ndipo raia akaweza kwenda kortini nayo, maana Serikali iliomba muda wa kusafisha sheria zake. Tuliokuwa watu wazima wakati ule tulijifunza kwa kuchelewa, kama mtu aliyejengewa choo uzeeni. Ndiyo maana huwa siwashangai wenzangu wanaosema "haki za nini, mradi kuna amani". Walilelewa bila hizo, na walikula, na walicheza ngoma.

Sasa wasimulie wanafunzi wako habari ya msichana mmoja ambaye jina lake linajulikana wazi, Rebeca Gyumi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu binti aolewe na miaka kumi na mitano kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana alingoja kumi na minane; mahakama ikikubali, ilitosha hata kumi na minne. Sheria hiyo ilikuwa imekaa kabatini zaidi ya miaka arobaini, na wanasheria wakubwa wakubwa wamepita mbele ya kabati. Yeye akaichukua Katiba, akaenda Mahakama Kuu, akasema vifungu hivi viwili havipatani na usawa uliomo humu. Julai 2016 mahakama ikakubaliana naye, ikaipa Serikali mwaka mmoja irekebishe. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Somo gani la kidato cha tatu litawagusa kuliko hilo? Darasani mwako wamo wasichana wa miaka kumi na mitano, wamekaa kwenye dawati la pili, wanakusikiliza. Waambie kwamba sheria nayo hushtakiwa. Wengi hawajui, wanadhani sheria ni sheria basi, kama mvua.

Lakini usiwauzie asali tupu. Wasimulie na ya Mchungaji Christopher Mtikila, mtu mbishi, Mungu amrehemu, aliyetaka mtu aweze kugombea bila kuwa na chama. Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 1994. Bunge nalo, mwaka huo huo, likaibadilisha Katiba yenyewe ili mlango ufungwe tena. Akarudi mahakamani, akashinda mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba hilo ni la Bunge kuamua, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, ikampa ushindi mwaka 2013. Na mgombea binafsi mpaka sasa hatujamwona. Mwanafunzi akikuuliza, "Sasa madamu, kushinda kwake kulisaidia nini?" usikimbilie kumjibu. Mpe Ibara ya 98, inayoeleza Katiba inavyobadilishwa, akaisome, arudi na maswali yake mwenyewe.

Yote hayo ni rahisi. Gumu ni hili ninalolisema sasa, na najua kuna watakaoguna.

Mwalimu anaingia darasani kufundisha Ibara ya 13. Anaandika ubaoni kwamba kila mtu ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, iwe mbele ya mahakama au chombo kingine. Kwamba asidhaniwe mkosaji kabla haijathibitika. Kwamba ni marufuku kumpa mtu adhabu ya kumtweza. Chaki iko mkono wa kulia. Mkono wa kushoto una fimbo. Nyuma mtu anapiga mluzi. Mwalimu anageuka: nani? Kimya. Haya, darasa zima lala chini. Wanachapwa wote, wenye makosa na wasio na makosa, kisha wanarudi kunakili Ibara ya 13. Na kanuni za viboko zipo, jamani, zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, na iandikwe kwenye daftari. Watoto hawana ujinga. Wanajifunza masomo mawili siku hiyo, moja la kujibia mtihani na moja la kuishi nalo, na mnajua wenyewe lipi linabaki.

Sisemi mwalimu yule ni mbaya. Ana deni dukani, kichwa kinamuuma, na mluzi wenyewe ulikuwa wa kuudhi. Tumechoka wote. Lakini mtoto yule aliyechapwa kwa mluzi wa mwenzake, siku akiwa mtendaji wa kata, akikuta jirani mmoja hajalipa mchango, atajua tu la kufanya na mtaa mzima.

Na uchaguzi wa viranja. Nimeuona ukifanyika kwa shangwe, wagombea wakinadi sera, foleni, karatasi, sanduku la kura lililotengenezwa kwa boksi la biskuti. Kura zinachukuliwa zinapelekwa ofisini "kuhakikiwa". Asubuhi mstarini yanasomwa majina, na Kaka Mkuu ni kijana ambaye hata yeye ameshtuka. Walimu tunajiambia tumefanya kwa wema, yule waliyemtaka ni mkorofi, atatusumbua. Huenda kweli. Hesabuni kura pale pale, mbele yao, karatasi moja moja, kama kina mama wanavyohesabu hisa. Akiingia mkorofi, mmwekee na utaratibu wa kumwondoa, ulioandikwa kabla hajachaguliwa, wenye kumpa nafasi ya kujitetea. Mwaka mmoja na kiranja mbaya hauui mtu. Hawa watoto wakishafika miaka kumi na minane watapiga kura za watu wa kukaa miaka mitano. Ni nafuu wakapata hasara yao ya kwanza kwenye mambo ya zamu ya kufagia.

Wakuu wa shule huniambia: Mwalimu, wakijua haki watagoma. Nami huwajibu kwamba wajibu nao umo, Ibara ya 25 mpaka ya 28, kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulinda nchi, na ufundishwe bila haya. Ibara ya 26 ni tamu zaidi, kwa kuwa ndani yake kutii Katiba ni wajibu na kuilinda kwa njia za kisheria ni haki, vimekaa pamoja kama mume na mke waliozoeana. Halafu nawakumbusha kitu ambacho wenyewe wanakijua. Migomo yote niliyoishuhudia haikuanzia kwenye kitabu cha Uraia. Ilianzia jikoni. Maharage yaliyobungua, uji wa maji, watoto wanasema, hawasikilizwi, wanasema tena, anaitwa kiongozi wao anaadhibiwa, na Jumapili moja usiku madirisha yanalia. Pangekuwa na kikao cha kusikilizana kila mwezi, baraza la wanafunzi lenye ruhusa ya kuuliza na mkuu wa shule mwenye wajibu wa kujibu, vioo vingi vingekuwa vizima mpaka leo, na vijana wengi wasingefukuzwa.

Kwa hiyo kama mnataka mahali pa kuanzia wiki ijayo, msingoje mtaala. Michango ya chakula wazazi wametoa, risiti zipo. Bandikeni kwenye ubao wa matangazo gunia ngapi za mahindi na maharage zimenunuliwa, kwa bei gani, kutoka kwa nani, na kwa siku zinapimwa kilo ngapi. Wapeni kidato cha tatu kazi ya kuhakiki, wawili wawili, waende stoo na mizani. Mtunza stoo atanuna siku mbili tatu, mwacheni anune. Na wakikuta gunia moja halionekani, mtakuwa na kipindi cha Uraia ambacho hakuna atakayesinzia, ila itabidi ofisi ya walimu ijiandae kwa maswali.